Wanaolala barazani Kariakoo waandikiwe mtaa

Mhariri,

Nimesoma kwenye ukurasa huu barua ya mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka watu wanaolala kwenye baraza za maduka wakusanywe na kurudishwa mikoani kwao. Analalamikia mikojo, maboksi na wizi wa taa. Kuhusu mikojo sibishani naye, hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nane, nasimamia choo na bafu la kulipia hapa Kariakoo, zamu ya usiku mpaka asubuhi. Choo mia tatu, kuoga mia tano, maji ya moto hatuna. Wateja wangu wa kwanza kila siku ni haohao anaotaka wasombwe. Naomba nafasi niseme ninachokiona nikiwa mezani pangu, kwa sababu wengi wanaowajadili hufika mjini saa mbili asubuhi, wakati wenyewe wameshatawanyika.

Kuanzia saa kumi alfajiri ndipo wanapoanza kuja. Lazima waamke mapema, maana saa kumi na moja hivi wapanga bidhaa wanafika, na mlinzi aliyewaruhusu kulala hataki bosi wake awakute. Kwa asiyejua, baraza ya Kariakoo hailalwi bure. Kuna mlinzi anataka mia tano, kuna mwingine anataka ufagie na umshtue akisinzia. Boksi nalo linanunuliwa. La friji ndilo linalotafutwa, na asubuhi linauzwa tena kwa wakusanya makaratasi, kwa hiyo yule anayeacha boksi ovyo barazani ni mgeni, hajaujua mji.

Ni akina nani? Wasukuma mikokoteni, wengine wanalala juu ya mkokoteni wenyewe ili usiibiwe. Wabeba mizigo. Mama anayemenya vitunguu saumu vya mama lishe watatu. Vijana waliokuwa wakipiga debe Ubungo. Stendi ilipohamia Mbezi mwaka 2021 wengine wakaifuata, wengine wakashukia kwetu. Mateja wapo, sitawaficha. Madada wa kazi waliofukuzwa usiku na begi, mshahara wakaambiwa watatumiwa. Ombaomba nao wapo, lakini wengi kati ya ninaowaona wana kazi ya kuwaingizia chochote kila siku.

Basi kwa nini wasipange chumba? Hilo swali nimeulizwa hata na mwanangu. Chumba cha elfu hamsini huku pembezoni kipo, ila mwenye nyumba anataka miezi sita, na dalali anataka mwezi wake mmoja. Hiyo ni laki tatu na nusu mkononi kwa mkupuo. Msukuma mkokoteni akitoa hesabu ya mwenye mkokoteni, akala, akaoga kwangu, anabaki na elfu tatu au nne siku ikiwa nzuri. Mvua ikinyesha siku tatu, akiba yote imekwenda kwenye ubwabwa. Usiku wa baridi au akiumwa, analala gesti ya uchochoroni, elfu kumi. Piga hesabu: gesti ya mwezi mmoja ni sawa na kodi ya nusu mwaka. Anayelipa nyingi ndiye anayeonekana hana.

Na hiyo akiba anaiweka wapi? Hapa ndipo nataka msomaji wako anisikilize vizuri, kwa kuwa ndipo palipofungwa fundo lote. Ukitaka kuweka hela kwenye simu unahitaji laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipofungiwa kuanzia Januari 2020, laini inataka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. NIDA wanataka barua ya serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa inataka kujua unakaa nyumba ya nani, mjumbe wako nani. Mtu wa barazani anaishia hapo. Anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenzake, na mwenzake akiamka vibaya hela zimekwenda naye. Au anazishona kwenye kaptula, akapigwa kabali. Au ananiwekea mimi. Nina daftari, naandika jina na kiasi, anaweka dole gumba la wino. Nimegoma kupokea zaidi ya elfu ishirini kwa mtu, sababu choo hakina sefu na mimi usiku niko peke yangu.

Ukishaona fundo hilo, utaliona kila unapogeuka. Ruzuku ya kaya maskini ya TASAF inapitia mkutano wa mtaa, na mtu asiye na mtaa hatajwi kwenye mkutano wowote. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, inataka kikundi kinachotambuliwa pale mnapoishi. Msamaha wa matibabu kwa asiye na uwezo unaanza na barua. Siwezi kusema serikali haina huduma. Huduma zipo, ila zote zinaanzia mlangoni kwako, na hawa hawana mlango.

Nitoe mfano ambao niliushuhudia kwa macho yangu. Kuna mzee mmoja wa kutoka Kondoa, anasukuma mkokoteni wa magunia ya mchele. Alikuwa anakohoa, kikohozi kile cha kukaa chini katikati ya kukohoa. Nikamwambia, mzee wangu, hiki si cha vumbi. Akawa ananijibu ni upepo wa alfajiri. Mwishowe nilimpeleka mwenyewe zahanati baada ya zamu, akatoa makohozi, akakutwa na kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu ni bure, kila mtu anajua. Lakini ni za miezi sita, za kila siku bila kuruka, na kabla hujapewa nesi anajaza kadi.

"Baba, unakaa wapi?"

"Hapahapa mjini."

"Hapahapa wapi?"

Mzee akanitazama. Nesi naye akanitazama. Alikuwa binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa mwisho.

"Mama shikamoo. Wewe ni nani yake?"

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiye nitakayemtunzia dawa. Anaoga kwangu."

Nikamweleza. Aliuliza swali moja tu, kwamba kwenye ukuta wa hilo choo kuna kibao cha anwani au hakuna. Kipo. Mwaka 2022 ilipopita ile operesheni ya anwani za makazi, vijana walikuja wakatubandikia, na mimi nikawacheka kwamba hata choo kimepata namba. Nikamtajia mtaa na namba. Akaandika palepale: choo cha kulipia, mtaa huo, namba hiyo. Msimamizi wa dawa, akaandika jina langu na simu yangu. Akageuza kadi, akamwonyesha mzee. "Haya baba, una anwani." Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Zile dawa zilikaa kwangu kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya tangi la maji. Kila alfajiri anakuja, anameza mbele yangu, natia vema kwenye kadi, anaoga, anakwenda kwenye magunia. Siku za mwanzo aliniita pembeni akiwa na hofu, mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa. Nikamkumbusha nesi alishatutahadharisha, ni dawa inafanya hivyo. Sasa hivi kijana yeyote akitoka chooni amekunja uso huwa namuuliza taratibu kama yuko kwenye dozi. Umeona mhariri, kazi hii ina elimu yake.

Amemaliza miezi sita. Amepimwa, amepona. Wakati anakohoa angeweza kuambukiza baraza nzima, na walinzi, na wateja wa duka la yule ndugu aliyeandika barua. Kalamu ya binti mmoja iliyokubali kuandika choo kama anwani ndiyo iliyozuia.

Tukadhani sasa njia imefunguka. Tukaichukua ileile kadi, tukaenda nayo kwenye ofisi moja ya serikali ya mtaa kuomba barua ili mzee akaanze safari ya NIDA. Kitambulisho chake cha mpiga kura kilishaibiwa pamoja na koti. Ofisi sitaitaja. Mhusika hakutukaripia, alitukaribisha vizuri, akasoma kadi mbele na nyuma. Kisha akasema choo hakina wakazi. Akauliza jina la mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba ni halmashauri. Akacheka, mimi sikucheka, tukaondoka.

Swali langu ndilo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 karani wa sensa alikuja na kishikwambi chake, akapita baraza kwa baraza, akawauliza majina, umri, walikozaliwa, kazi wanayofanya. Hakuna aliyewaambia hamna mwenye nyumba. Walihesabiwa palepale walipolala, na ndivyo sensa inavyotaka. Katika watu 5,383,728 wa mkoa wa Dar es Salaam tuliotangaziwa mwaka ule, wateja wangu wamo. Kwa hiyo serikali inajua kuwapata, tena usiku, tena kwa utaratibu. Iweje wawepo siku ya kuhesabiwa, halafu wasiwepo siku ya kuomba barua?

Kuhusu kuwasomba, ningependa ndugu yangu yule aulize wakubwa zake. Mwaka 1983 nilikuwa msichana, tunakaa Buguruni, ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa, wakapakiwa magari kwenda mashambani wakalime. Mjomba wangu alichukuliwa akiwa ametoka kununua mkate. Alirudi kabla ya masika, amekonda, na jembe hakulileta. Mwaka 2016 tena likatoka agizo la kuwaondoa ombaomba jijini. Leo wako wapi? Wako kwenye taa zilezile. Mtu hafuati baraza Dar es Salaam, anafuata mzigo wa kubeba, na mzigo uko Kariakoo, hauko Kondoa.

Halafu kuna suala la sheria, na hapa nasema kama msomaji wa magazeti tu. Nayasoma yote, la leo na la juzi, watu wanayaacha mezani pangu (na kabla hujauliza, karatasi ya chooni ninayo). Kanuni za Adhabu zetu zina kifungu cha 176 kuhusu wazururaji, tulichorithi kwa Mwingereza. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa kwetu Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Ni ushauri, si hukumu, naelewa. Lakini anayetaka watu wakamatwe kwa kosa la kulala angesoma kwanza hayo.

Jambo jingine ni saa za kazi. Mwaka 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24 hapa Kariakoo. Mimi nilishangilia, kwangu mwanga wa usiku ni wateja. Sasa mtu anaweza kununua kitenge saa nane usiku. Afisa ustawi wa jamii je? Yeye ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na muda huo watu anaopaswa kuwaona wako chini ya magunia wanatafuta riziki. Binti wa kazi aliyefukuzwa saa nne usiku akisubiri ofisi ifunguliwe, kuna watu watakuwa wameshamwona kabla ya afisa, na siyo watu wema. Afisa mmoja akipangiwa usiku mmoja kwa wiki, akakaa hata kwenye benchi langu, angefanya kazi ya mwezi mzima. Benchi ni bure.

Kwa wanawake nasema kidogo kwa sababu mengine hayaandikiki. Mwanamke wa barazani halali, anasinzia amekaa, begi likiwa tumboni. Wanatafuta sehemu yenye taa, karibu na kituo cha polisi, au wanajichanganya na ndugu wa wagonjwa waliokuja kutoka mikoani ambao nao wamejilalia nje ya hospitali. Usiku wa mvua nawafungulia wakae ndani kwenye korido ya bafu. Bosi wangu hajui. Akisoma hapa, basi ndiyo amejua, na akinifukuza nitakuwa na barua ya pili ya kukuandikia. Mji huu wenye majengo ya ghorofa ishirini unashindwa kupata ukumbi mmoja wa wanawake kulala kwa elfu moja au elfu mbili? Wangelipa. Kwangu wanalipa.

Kuna vitu vinavyofanya kazi, visifichwe. Namba 116 ya kusaidia watoto nimeiandika kwa maka kwenye mlango wa bafu, kwa sababu ni bure kupiga na watoto hawaijui. Madawati ya jinsia na watoto yapo vituo vya polisi. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia mateja kuacha heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, baadaye zikaja Mwananyamala na Temeke. Vijana wanaokwenda kunywa dozi yao wanapitia kwangu kuoga kwanza, wanapenda kufika wakiwa safi, na mimi hao nawapunguzia. Makazi ya wazee ya Nunge, Kigamboni, yanamfaa mzee asiyejiweza. Yule wangu wa Kondoa anajiweza, nikimtajia Nunge ananuna siku mbili. Chakula cha sadaka nacho kipo, Ijumaa na hasa Ramadhani, na vikundi vya makanisani Jumapili. Mungu awalipe, ila pilau tatu kwa usiku mmoja halafu Jumatatu hakuna kitu, wangekutana wakapangiana siku.

Ninachoomba hakihitaji jengo wala mfadhili. Viongozi wa mitaa na kata za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchafukoge wakubali kwamba mtu anayelala kwenye eneo lao kwa muda unaojulikana ni mtu wao. Awe na mashahidi wawili wanaomfahamu: mlinzi, mwenye mkokoteni, mama lishe, mimi. Aandikwe kwenye daftari la wakazi kwa anwani ya sehemu anayoonekana kila siku, kama alivyofanya yule nesi, apewe barua yenye mhuri. Mwenye hofu kwamba wahalifu watajipatia barua afikirie kidogo: mhalifu gani anapenda kujulikana anapolala? Hata polisi wangenufaika, leo mtu akifa barazani anazikwa na halmashauri bila jina, na kwao wanaendelea kupiga simu isiyopatikana.

Majina ya kuanzia ninayo kwenye daftari langu, watu kumi na mmoja waliokubali niyatoe. Saba wana mashahidi tayari. Wawili wana vyeti vya kuzaliwa, nimevihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Mzee wa Kondoa hajui mwaka aliozaliwa, anajua tu kwamba wakati wa Uhuru alikuwa anachunga mbuzi, kwa hiyo mtendaji aje na mtu wa kumkadiria umri. Wengi wao wanapatikana kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo itabidi wafuatwe kwenye mizigo.

Mama wa Bafuni,
Kariakoo, Dar es Salaam